Linux na Walinzi wa Magemu

Novemba 2006, baadhi ya wachezaji wa World of Warcraft walijikuta wamefungiwa akaunti. Hawakuwa wametumia hila yoyote. Kilichowaunganisha ni kwamba wote walicheza kwenye Linux kwa kutumia Cedega, programu ya kampuni ya TransGaming ya Toronto iliyowezesha magemu ya Windows kufunguka kwenye mfumo huo. Blizzard, wenye gemu, walikuwa na programu ya kunasa wadanganyifu iitwayo Warden. Warden ilichungulia ndani ya kompyuta za watu hawa, ikakuta mambo isiyoyajua, nao wakatiwa katika kundi la wadanganyifu. Malalamiko yalipozidi, Blizzard walirudia uchunguzi, wakakubali kwamba watu hao wameonewa, wakawafungulia.

Kisa hicho kiliisha upesi. Lakini karibu kila kilichotokea baadaye kati ya Linux na magemu ya mtandaoni kimo ndani yake: mchezaji anapekuliwa na programu ambayo hakuichagua, kisha anahukumiwa na kampuni ambayo hana pa kuikatia rufaa isipokuwa kwa kampuni hiyohiyo.

Wadanganyifu wenyewe si hadithi ya kutunga. Asiyekubali kushindwa si mshindani, na magemu ya kupigana mtandaoni yamejaa watu wa aina hiyo tangu enzi za Quake na Counter-Strike. Udhaifu uko katika namna magemu haya yanavyofanya kazi. Ili picha ichoreke bila kuchelewa, seva huitumia kompyuta ya mchezaji habari za mahali alipo adui, mara nyingi hata kama adui huyo amejificha nyuma ya ukuta. Macho ya mchezaji hayamwoni, lakini kompyuta yake inajua alipo. Mdanganyifu anachohitaji ni programu ndogo ya kusoma kumbukumbu ya kompyuta yake mwenyewe na kumchorea adui juu ya ukuta. Nyingine humsaidia kulenga: kipanya kinasogea chenyewe mpaka kichwani kwa adui, risasi inatoka, na aliyeuawa hajui kimempata nini. Watu 2 au 3 wa namna hiyo wanatosha kuharibu jioni nzima ya wachezaji wengine, na wachezaji wakikata tamaa gemu inakufa.

Ndipo walipozaliwa walinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Mmarekani Tony Ray alianzisha PunkBuster chini ya kampuni yake ya Even Balance, na Return to Castle Wolfenstein ya mwaka 2001 ikawa gemu ya kwanza kuunganishwa na mlinzi huyo. Mwaka 2002 Valve walileta wa kwao, VAC, kuilinda Counter-Strike. Siku hizi watu husema kwamba Linux na walinzi wa magemu haviwezi kukaa pamoja, lakini wakati ule PunkBuster ilifanya kazi kwenye Linux. Watengenezaji wa id Software walikuwa na desturi ya kutoa magemu yao kwa ajili ya Linux pia, na Wolfenstein: Enemy Territory ilipotolewa bure mwaka 2003, aliyekuwa na Linux aliingia kwenye seva zilezile, akalindwa na mlinzi yuleyule. Hakuna aliyeona ajabu.

Kilichobadilika ni biashara. Watengenezaji wengi hawakuona faida ya kuandika gemu upya kwa ajili ya watu wachache, hivyo mwenye Linux akabaki na njia moja, kuendesha gemu ya Windows kupitia Wine. Mradi huo ulianza mwaka 1993, na tangu mwaka uliofuata umeongozwa na Alexandre Julliard. Wine haiigi kompyuta nzima. Kazi yake ni kupokea kila ombi ambalo programu ya Windows inalitoa, liwe la kufungua faili, kuchora dirisha au kucheza sauti, na kuligeuza kuwa ombi linaloeleweka na Linux. Toleo la 1.0 lilitoka Juni 2008, baada ya miaka 15 ya kazi, nyingi yake ya kujitolea.

Sasa jiweke mahali pa mlinzi. Umefundishwa kwamba faili za Windows zina sura fulani na ukubwa fulani, na kwamba mtu akijipenyeza kati ya gemu na mfumo, huyo ni mdanganyifu. Unafika kwenye kompyuta yenye Wine. Faili zina majina yaleyale lakini ndani ni nyingine kabisa, na kati ya gemu na mfumo kuna kitu kinachodaka kila ombi. Kwa jicho la mlinzi, Wine na hila vinafanana mno.

Mambo yalizidi kuwa magumu pale vita vilipohamia ndani zaidi. Kompyuta ina ngazi za mamlaka. Programu za kawaida hukaa juu na kuomba ruhusa, wakati kiini cha mfumo kiko chini kabisa na hakiombi ruhusa kwa yeyote. Watengenezaji wa hila waligundua kwamba wakijificha kwenye kiini, mlinzi aliye juu hawaoni. Basi walinzi nao wakashuka. BattlEye, iliyoanzishwa na Bastian Suter nchini Ujerumani mwaka 2004, ikashuka. Easy Anti-Cheat, ya Helsinki, ikashuka. Mwaka 2020 Riot Games walikwenda mbali kuliko wote: Vanguard, mlinzi wa gemu ya Valorant, huamka pamoja na kompyuta na kukaa ndani ya kiini cha Windows hata kama mwenye kompyuta hana mpango wa kucheza siku hiyo. Ni sawa na mlinzi wa getini kudai funguo za chumba chako cha kulala, akisema ndiyo njia pekee ya kuhakikisha huibi kwa jirani.

Wine haina jibu kwa hilo. Yenyewe ni programu ya kawaida, inakaa ngazi ya juu, na kiini kilicho chini yake ni cha Linux. Draiva iliyoandikwa kushika kiini cha Windows haina cha kushika.

Valve ndio waliobadili mwelekeo, na hawakufanya hivyo kwa huruma. Mwaka 2012 Gabe Newell, mkuu wa kampuni hiyo, aliiita Windows 8 janga kwa kila aliye katika biashara ya kompyuta. Aliona kwamba Microsoft, wakiwa na duka lao ndani ya Windows, wanaweza siku moja kulibana duka lake la Steam. Steam ya Linux ikatolewa rasmi Februari 2013. Zile kompyuta za sebuleni zilizoitwa Steam Machine, zilizoingia sokoni Novemba 2015, hazikufika mbali, kwa sababu magemu yaliyoandikwa kwa Linux yalikuwa machache na wanunuzi waliliona hilo. Valve wakajifunza kwamba wakisubiri watengenezaji waje Linux watasubiri sana. Tarehe 21 Agosti 2018 wakatangaza Proton, iliyojengwa juu ya Wine kwa kushirikiana na kampuni ya CodeWeavers.

Ndani ya Proton kuna DXVK, kazi ya Philip Rebohle, aliyeianza kwa sababu alitaka kucheza Nier: Automata kwenye Linux. DXVK hugeuza maagizo ya picha ya Direct3D, ya Windows, kuwa ya Vulkan, ambayo Linux inayaelewa, na huyageuza kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Proton ilipotoka ilikuwa na magemu 27 yaliyothibitishwa. Baada ya miaka michache yalikuwa maelfu. Mtu aliweza kununua gemu ya Windows, kubofya mara moja, na kucheza bila kujua kwamba chini yake kuna tafsiri inayoendelea.

Kwa gemu ya kucheza peke yako, mambo yalikuwa karibu kuisha. Za mtandaoni zilibaki vilevile. PUBG, Fortnite na Apex Legends zote zilikuwa na walinzi, na mlinzi akiiona Wine anaifukuza. Facepunch, watengenezaji wa Rust, mwaka 2019 waliachana na toleo lao la Linux na kuwaahidi wanunuzi kurudishiwa fedha. Rocket League nayo ikaiacha Linux Machi 2020. Kisha Mei mwaka huohuo Doom Eternal, ambayo watu wa Linux walikuwa wakiicheza vizuri kupitia Proton, ikaletewa sasisho lenye mlinzi wa Denuvo anayekaa kwenye kiini. Watu waliokwisha kulipa bei kamili, wengi wao wakicheza ile hadithi ya mtu mmoja isiyo na mpinzani wa kudanganywa, wakafungiwa nje ya kitu walichokinunua. Safari hii wachezaji wa Windows pia walikasirika, kwa kuwa hakuna aliyependa kushtukizwa na programu yenye mamlaka makubwa hivyo. Ndani ya siku chache mkuu wa utengenezaji, Marty Stratton, akatangaza kwamba Denuvo anaondolewa. Ni mara chache katika historia hii wachezaji wameshinda moja kwa moja, na walishinda kwa sababu hawakuwa watu wa Linux peke yao.

Wakati huo kazi nyingine ilikuwa ikifanyika kimyakimya ndani ya kiini cha Linux chenyewe. Baadhi ya magemu na walinzi wao hawapitii milango ya kawaida ya Windows, bali huzungumza moja kwa moja na kiini, hivyo Wine haipati nafasi ya kutafsiri. Gabriel Krisman Bertazi wa kampuni ya Collabora aliandika njia ya kuyadaka maombi hayo na kuyarudisha kwa Wine. Kazi hiyo iliingia kwenye Linux 5.11, Februari 2021. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa habari isiyo na maana yoyote. Kwa waliofuatilia, ilionyesha kwamba Valve, waliokuwa wakiidhamini kazi hiyo, wanajiandaa kwa jambo kubwa.

Jambo lenyewe lilijulikana Julai 2021: Steam Deck, kompyuta ya kushika mkononi inayotumia Linux, bei yake ikianzia dola 399. Valve waliahidi kwamba kabla ya kuiuza watakuwa wamezungumza na BattlEye na Easy Anti-Cheat. Wengi hawakuamini. Lakini tarehe 23 Septemba 2021 Epic Games, waliokuwa wameinunua Easy Anti-Cheat miaka 3 kabla, wakatangaza kwamba mlinzi huyo sasa atafanya kazi kwenye Linux, pamoja na Wine na Proton. Siku iliyofuata BattlEye wakasema hivyohivyo. Walinzi 2 wanaotumika zaidi kuliko wengine walikuwa wamekubali.

Kulikuwa na sharti moja, na ndilo linaloamua mambo hadi leo: mtengenezaji wa gemu lazima aridhie. Mlinzi yupo tayari, lakini mwenye gemu asipowasha idhini, mchezaji wa Linux anabaki nje. Kwa hiyo tangu Septemba 2021 si sahihi tena kusema kwamba gemu fulani haifanyi kazi kwenye Linux kwa sababu ya BattlEye au Easy Anti-Cheat. Kwa gemu nyingi za namna hiyo, kuna mtu aliyeamua isifanye kazi.

Steam Deck ilipoanza kuwafikia wanunuzi mwishoni mwa Februari 2022, Elden Ring ilikuwa ikichezeka mtandaoni ikiwa na Easy Anti-Cheat, na Apex Legends nayo ikafunguliwa. Fortnite haikufunguliwa. Tim Sweeney, mkuu wa Epic, alieleza kwamba hawana imani ya kupambana na wadanganyifu kwa wingi ule ikiwa kila mtu anaweza kuwa na kiini alichokirekebisha mwenyewe. Mlinzi ni wao, walikuwa wametangaza kwamba anafaa kwa Linux, na kwenye gemu yao kubwa hawakumtumia. Lakini sababu aliyoitoa ina uzito. Kwenye Linux walinzi hawa hawaingii kwenye kiini; hukaa juu pamoja na programu nyingine. Anayetaka kudanganya anaweza kuchukua msimbo wa kiini, ambao uko wazi kwa kila mtu, akaubadilisha, akaujenga upya, na mlinzi asione kitu. Uwazi tunaousifu kwenye Linux ndio unaowatisha watengenezaji. Anayelitetea jukwaa hili lazima alikubali hilo kwanza, la sivyo hatasikilizwa.

Agosti 2022 ilionyesha jinsi mambo haya yalivyo dhaifu hata pale ridhaa ilipokuwepo. Karibu kila programu ya Linux hutegemea maktaba iitwayo glibc. Ndani ya faili zake kuna jedwali linalosaidia kupata kazi fulani kwa jina lake. Lipo jedwali la zamani, na lipo la tangu mwaka 2006 lililo na kasi zaidi. Toleo la 2.36 liliacha kulazimisha kuwekwa kwa lile la zamani, kwa kuwa watunzaji wake walidhani hakuna anayelihitaji tena. Easy Anti-Cheat ilikuwa ikilisoma moja kwa moja. Watu waliokuwa na Arch Linux, ambayo hupokea matoleo mapya mapema, wakasasisha kompyuta zao na magemu yao yakagoma kufunguka. Pakiti za Arch zikajengwa upya zikiwa na majedwali yote mawili, magemu yakarudi. Mabishano yaliyobaki yalikuwa makali: nani alaumiwe, walioondoa kitu cha zamani kwenye maktaba, au mlinzi aliyetegemea kitu ambacho hakuna aliyemwahidi kwamba kitadumu? Nadhani wote walikuwa na haki kidogo, na mchezaji ndiye aliyeumia.

Mwezi huohuo kampuni ya usalama ya Trend Micro ilieleza jinsi wahalifu walivyoitumia draiva ya mlinzi wa Genshin Impact, iitwayo mhyprot2, kuzima programu za kuzuia virusi na kisha kufunga faili za watu ili wadai fidia. Hawakuhitaji kompyuta yenye gemu hiyo. Waliibeba draiva yenyewe, kwa sababu ilikuwa na sahihi halali na Windows iliikubali. Wakongwe wa Counter-Strike walikumbuka pia mwaka 2013, ilipogundulika kwamba mfanyakazi wa ligi ya ESEA alikuwa ametumia programu ya mlinzi wao kuchimba Bitcoin kwenye kompyuta za wachezaji bila wao kujua. Na Julai 2024 sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike, ambayo si ya magemu lakini hukaa kwenye kiini vilevile, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa siku moja. Hizi ndizo gharama za kumweka mlinzi chini kabisa, na anayezilipa ni mwenye kompyuta.

Mwaka huo wa 2024 ndio uliorudisha mambo nyuma. Mei, Riot waliingiza Vanguard kwenye League of Legends, gemu ambayo watu wa Linux walikuwa wakiicheza kupitia Wine kwa miaka mingi, na ikafungika. Septemba, Rockstar waliiwekea GTA Online mlinzi wa BattlEye bila kuwasha idhini ya Linux, wakawaeleza wateja kwamba Steam Deck haina uwezo wa BattlEye kwa gemu hiyo, ingawa BattlEye wenyewe walikuwa na miaka 3 tangu watangaze kwamba kuwasha ni uamuzi wa mtengenezaji. Oktoba 31, Apex Legends iliyokuwa imefunguliwa mwaka 2022 ikafungwa. Sababu ya watengenezaji wake ilikuwa kwamba hila nyingi nzito zinapitia Linux, na kwamba hawana njia ya kutofautisha Steam Deck halali na mdanganyifu anayejidai kuwa Steam Deck. Januari 2025, NetEase waliwafungia kimakosa wachezaji wa Marvel Rivals waliotumia Mac na Proton, wakaomba radhi, wakawafungulia. Ilikuwa Novemba 2006 tena, kasoro majina. Battlefield 6 ya Oktoba 2025 ikatoka ikitaka kompyuta iwe na Secure Boot, yaani ukaguzi wa mfumo wakati kompyuta inapowaka, na mlinzi wa EA kwenye kiini. Linux haimo.

Mwezi huohuo takwimu za Steam zilionyesha kwamba watumiaji wa Linux wamepita 3% kwa mara ya kwanza.

Njia nyingine ipo, na baadhi ya kampuni zilezile zimekwisha kuipita nusu. Valve walieleza mwaka 2018 jinsi wanavyofunza mashine kutambua wadanganyifu kwa namna wanavyolenga, kazi inayofanyika kwenye seva bila kupekua kompyuta ya mtu. Riot wenyewe, pamoja na Vanguard yao, waliipanga Valorant ili seva isitume habari za adui aliye nyuma ya ukuta mpaka anapokaribia kuonekana, na hivyo ile hila ya kuona kupitia ukuta ikapungukiwa nguvu tangu mwanzo. Kazi hizi ni ghali na hazikamati kila mtu. Lakini zinaweka ulinzi mahali ambapo kampuni ina haki ya kuwa nao, kwenye mashine zake yenyewe. Kampuni inayotaka kukaa kwenye kiini cha kompyuta niliyoinunua kwa fedha yangu inapaswa kunionyesha kwamba imejaribu hayo kwanza.

Wewe unayetumia Linux au unayefikiria kununua Steam Deck, usilipie gemu ya mtandaoni kwa kusikia tu kwamba mwenzako anaicheza. Tangu mwishoni mwa Oktoba 2024 Valve huwataka watengenezaji waandike kwenye ukurasa wa gemu dukani kama ina mlinzi anayekaa kwenye kiini. Isome sehemu hiyo, kisha angalia Valve wanasema nini juu ya gemu hiyo kwenye Steam Deck. Ukinunua na ikakufungia, omba kurudishiwa fedha kabla siku 14 hazijapita na kabla hujacheza saa 2, na kwenye nafasi ya sababu andika wazi kwamba mlinzi wa gemu ameikataa Linux.